Chui wa Kongo na mchujo wa Guadalajara: nafasi tunayo, ninachohofia ni dakika 15 za mwisho

Mtoto wa Kamalondo (mwenye uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mzaliwa wa Lubumbashi, huu ni mwaka wa 11 niko Dar nauza vipuri vya magari. Tangu Novemba kila mteja anayejua asili yangu ananiuliza, "Vipi, Kombe la Dunia mnakwenda?" Jibu la kwenye kaunta huwa fupi. Leo nataka nilitoe lote.

Kwa ambao hawafuatilii: tarehe 31 Machi 2026 DRC inacheza mechi moja Guadalajara, Mexico. Mpinzani ni mshindi kati ya Jamaica na New Caledonia, ambao watakutana tarehe 26. Sisi tumewekwa fainali moja kwa moja kwa sababu tuko juu kwenye viwango vya FIFA. Hakuna marudiano. Tukishinda tunaingia Kundi K pamoja na Ureno, Colombia na Uzbekistan. Tukifungwa, tukutane 2030. Mara ya mwisho kucheza Kombe la Dunia ilikuwa 1974, nchi ikiitwa Zaire. Ni miaka 52.

Jibu langu ni kwamba tunakwenda. Sijipi moyo tu. Mechi za safari hii nimeziangalia zote, nyingine mara mbili. Lakini nina hofu moja, na Jamaica hawahusiki nayo sana. Naogopa zile dakika 15 za mwisho.

Turudi tarehe 9 Septemba 2025, Stade des Martyrs, Kinshasa. Tunaongoza kundi kwa pointi 16, Senegal wana 15. Bakambu akafunga, Wissa akafunga, dakika ya 33 ubao unasoma 2-0. Nilikuwa kibanda umiza Magomeni na Wakongo wenzangu, watu wameshaanza kupiga simu nyumbani. Pape Gueye akarudisha moja kabla ya mapumziko, Nicolas Jackson akasawazisha kipindi cha pili, na dakika ya 87 Pape Matar Sarr akatumaliza. 2-3, tena nyumbani. Usiku ule nilitembea kwa miguu hadi Kinondoni. Sikutaka kupanda daladala mtu akaniuliza matokeo.

Sasa pigeni hesabu. Kundi liliisha Senegal 24, sisi 22. Tungelinda ushindi tungekuwa na 25 na wao 21. Lakini angalieni hili: hata ile sare ya 2-2 ingebaki vilevile, tungemaliza na 23 na wao 22. Kwa maana hiyo ni bao moja la dakika ya 87 lililotutoa kwenye tiketi ya moja kwa moja na kututupa kwenye mchujo.

Na ugonjwa huu ni wa siku nyingi. Septemba 2017, uwanja uleule, tunaongoza 2-0 dhidi ya Tunisia, mechi inaelekea ukingoni. Wakafunga la kwanza, hatujakaa sawa wakafunga la pili. Kundi likaisha wao 14, sisi 13, wakaenda Urusi. Juzi tu Januari, AFCON ya Morocco, tumewabana Algeria dakika 118 nzima, ya 119 Adil Boulbina akapiga shuti moja, safari ikaisha.

Sasa upande wa pili, maana upo. Novemba 13, mchujo wa Afrika kule Morocco, dakika ya 91, kona, Chancel Mbemba anaifunga Cameroon. Siku 3 baadaye Nigeria wanatufunga dakika ya 3 tu kupitia Frank Onyeka. Timu ya zamani ingevunjika pale. Hii haikuvunjika. Elia akasawazisha kabla ya mapumziko, tukavumilia hadi dakika ya 119, ndipo kocha wetu Desabre akamtoa kipa Mpasi na kumwingiza Timothy Fayulu kwa ajili ya penalti. Fayulu akapangua mkwaju wa Semi Ajayi, Mbemba akaja akafunga wa mwisho. 4-3.

Mpasi mwenyewe si kipa wa kubezwa kwenye matuta. Ndiye aliyefunga penalti ya ushindi dhidi ya Misri 2024 pale Ivory Coast, 8-7. Kocha anayemtoa mtu wa namna hiyo dakika ya mwisho, na mwenyewe akatoka bila kukunja uso, ni kocha aliyeshajenga heshima kwenye chumba cha wachezaji. Hilo kwetu halikuwepo zamani. Miaka yote tulikuwa na vipaji, na kila mwenye kipaji alikuwa na kambi yake.

Kwa hiyo tofauti iko wapi kati ya Septemba na Novemba? Mimi nimeiona hivi. Tukiwa sare au tuko nyuma, tunacheza kwa akili sana. Mabeki wanapanda, Wan-Bissaka anapita kulia, Masuaku anamwaga krosi kushoto, Sadiki anakimbia kama ana mapafu matatu. Tukiongoza tu, timu nzima inarudi kukaa kwenye boksi letu. Viungo wanashuka mpaka wanawakanyaga mabeki, mshambuliaji anabaki peke yake, kila mpira tunaoondoa unarudi palepale. Senegal hawakutuzidi soka usiku ule. Tuliwaachia mpira, na mchezaji wa daraja lile ukimwachia mpira nje ya boksi dakika 50 atapata tu upenyo.

Ninachomwomba Desabre: tukipata bao Guadalajara, asimtoe winga amwingize beki wa tano. Abaki na Elia au Bongonda pembeni hadi mwisho, wapinzani wawe na cha kuogopa nyuma yao.

Kuhusu mabao, sitaficha, hapo ni pembamba. Oktoba tuliifunga Togo 1-0, Sudan 1-0. Cameroon 1-0. Benin kwenye AFCON 1-0. Tunashinda kwa kijiko cha chai. Bakambu ana umri wake, na Wissa aliumia goti usiku uleule wa Senegal, akarudi uwanjani Desemba, AFCON hakuwepo. Wissa akiwa fiti asilimia 80 tu, mimi namwanzisha.

Karibuni tuchangie. Kwa heshima, tafadhali.

Jangwani Damu

Mkuu umechambua vizuri ila umenisikitisha. Umetaja washambuliaji wote halafu Fiston Mayele umempita kama kituo ambacho basi halisimami. Huyu mtu tulimwona hapa kwa Mkapa misimu miwili. Mfungaji bora wa Kombe la Shirikisho 2022/23, akatupeleka Yanga fainali. Akaenda Pyramids, akafunga kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa 2025, wakabeba kombe. Mnataka afanye nini tena?

Mtoto wa Kamalondo

Kaka, nisamehe, na uko sahihi kunibana. Tena nakuongezea hoja: Juni 2024 kule Senegal tulikuwa nyuma 1-0, Mayele akasawazisha dakika ya 85. Pointi pekee ya sare tuliyopata kundi zima ni ile. Bila Mayele tungekuwa na 21.

Ninavyomwona ni mtu wa kuingia dakika ya 65 beki zimechoka. Anaishi ndani ya boksi, na anajua kusubiri kosa. Kumwanzisha kunahitaji mawinga wamlishe krosi muda wote, na timu ya Desabre haichezi hivyo kipindi cha kwanza. Lakini mechi ikifika dakika ya 70 bila bao nikamwona bado yuko benchi, nitapiga kelele Magomeni mpaka unisikie Jangwani.

Jangwani Damu

Hapo tumeelewana. Na akifunga, Dar nzima itatetema.

Busega Boy

Habari ndugu zangu, niko Kampala. Nyinyi mnamjua Desabre tangu 2022, sisi tulimwona kabla. AFCON 2019 alikuwa kocha wetu Uganda Cranes, na mechi ya kwanza tuliwafunga nyinyi Wakongo 2-0, Kaddu na Okwi. Tukafika 16 bora.

Kitu nilichojifunza kwake ni kwamba hajali sura ya mchezo. Anapanga kuanzia nyuma, anafunga njia za katikati, anasubiri mipira iliyokufa. Mabao yetu yote mawili siku ile yalikuwa ya vichwa. Ndiyo maana nikiona Mbemba anafunga kwa kona dakika ya 91 sishangai hata kidogo. Kwa mechi moja ya mtoano huyo ndiye mtu unayemtaka kwenye benchi. Tatizo la kurudi nyuma unalolisema ni lake pia, alikuwa nalo hata kwetu.

Mtoto wa Kamalondo

Asante sana ssebo. Mechi ile niliiangalia, nilimlaani Desabre jina lake lote. Leo namwombea afya.

Fundi wa Mbezi

Wakuu naona mnazungumza kama Jamaica ni ngazi tu ya kupandia. Niwakumbushe. Novemba 18, Kingston, walihitaji ushindi mmoja tu dhidi ya Curaçao. Waligonga mwamba mara tatu. Mara tatu! Wakapewa penalti dakika za mwisho, VAR ikaifuta. Ikaisha 0-0, Curaçao wakaenda, Steve McClaren akajiuzulu palepale. Timu iliyokosa kwa namna ile inakuja na hasira. Golini wana Andre Blake, mbele Leon Bailey kwa kasi, Shamar Nicholson kwa mabavu.

Na jambo lingine: wao watakuwa wamecheza tarehe 26 uwanja uleule. Watakuwa wameizoea nyasi, hali ya hewa, na ule mwinuko. Guadalajara iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Nyinyi mnatoka moja kwa moja Ulaya mnaingia fainali. Naipa 50 kwa 50.

Mtoto wa Kamalondo

Mkuu nimekuelewa, na hilo la kuzoea uwanja ni la kweli. Natamani shirikisho liwapeleke vijana mapema, hata siku 6 au 7 kabla, wapate mechi ya kujipima hukohuko badala ya kukaa kambi Ulaya. Mwinuko kwa sisi tuliokulia Lubumbashi si kitu, mji wetu nao uko juu kama mita 1,200, ila wachezaji hawa hawaishi kwetu.

Lakini ile 0-0 mimi naisoma kinyume na wewe. Dakika 90 nyumbani, mashabiki wao, wanahitaji bao moja, hawakulipata dhidi ya Curaçao. Sisi nyuma tuna Mbemba, Tuanzebe na Wan-Bissaka. Watalipata bao hapo wapi kama hatujawapa wenyewe? Ndiyo maana narudi kwenye hoja yangu: wa kutufunga ni sisi wenyewe kwa kurudi nyuma.

New Caledonia sijawazungumzia kwa sababu naamini Jamaica watapita. Ila walicheza fainali ya Oceania na New Zealand mwaka jana, wakafungwa 3-0 kwa jasho. Wakipita nitawaheshimu vilevile.

Fundi wa Mbezi

Sawa. Nakupandishia hadi 55. Zaidi ya hapo sitoi.

Pwani ya Likoni

Naomba kuuliza, na ile kesi ya Nigeria? Nilisikia walipeleka malalamiko FIFA Desemba kuhusu uraia wa wachezaji wenu.

Mtoto wa Kamalondo

Ni kweli walipeleka. Hoja yao ni kwamba sheria ya Kongo hairuhusu uraia pacha, na baadhi ya wachezaji wetu wamekulia Ulaya. FIFA ndio walioidhinisha wachezaji hao kubadili timu ya taifa, kwa karatasi, kabla hawajavaa jezi. Sitaki kuingia zaidi, mimi si mwanasheria. Kilichoniuma ni kwamba Nigeria ina vijana kadhaa waliozaliwa Ulaya nao, na hakuna Mkongo aliyewahi kuwaambia si Wanigeria.

Wan-Bissaka amezaliwa London, wazazi wake ni Wakongo. Mtoto wa mjomba wangu amezaliwa Brussels, anaongea Kiswahili cha Lubumbashi kuliko wanangu wa hapa Dar. Nani ataniambia huyo si wa kwetu?

Nyota ya Kivu

Yaya, yaani kaka yangu, nimesoma uzi wote. Mimi niko Bukavu.

Nyinyi mnahesabu pointi, na ni vizuri. Nataka niseme kinachotokea huku timu ikicheza. Mwaka jana Januari Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23, Februari ikawa zamu yetu. Tangu hapo watu wa mtaa mmoja hawaongei kama zamani, kila mtu anapima maneno. Usiku wa Nigeria, Fayulu alipopangua ile penalti, nilisikia sauti kutoka kila nyumba mpaka chini ziwani. Sauti moja. Sijui nani alikuwa upande gani na usiku ule haikuwa na maana.

Nakumbuka pia Februari 2024, nusu fainali na Ivory Coast. Wakati wa wimbo wa taifa wachezaji walifunika midomo kwa mkono mmoja na mwingine wakauelekeza kichwani kama bastola. Tulifungwa 1-0, Haller. Lakini mama yangu, ambaye hajui ofsaidi ni nini, aliniambia, "Hawa watoto wametuona." Tangu siku hiyo haachi mechi.

Kwa hiyo sina asilimia. Nataka tu wafike.

Mtoto wa Kamalondo

Dada yangu, nimesoma ujumbe wako nikasimama kwanza. Mungu awalinde, wewe na mama. Mpe salamu, mwambie kuna watu Magomeni watakuwa wanaangalia pamoja naye.

Mzee wa Ujiji

Vijana, hamjambo. Mimi ni mtu wa Kigoma, umri wangu unapita miaka 70. Ruhusuni niongeze neno kwa sababu 1974 naikumbuka.

Kwetu redio ya Zaire ilikuwa inashika vizuri usiku, ng'ambo ya ziwa. Machi mwaka ule walichukua Kombe la Afrika kule Misri, Ndaye Mulamba alifunga mabao 9 peke yake. Tulijua Afrika imepata timu. Halafu Juni wakaenda Ujerumani Magharibi, timu ya kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara. Wakafungwa zote: Scotland 2-0. Yugoslavia 9-0. Brazil 3-0. Ile ya Yugoslavia tulizima redio kabla ya mwisho.

Mpaka leo dunia inaonyesha kipande kimoja tu, Mwepu Ilunga akitoka kwenye ukuta na kuupiga mpira wa faulo wa Brazil. Wanasema hakujua sheria. Mtu wa Mazembe, bingwa wa Afrika, hajui sheria ya faulo? Mwenyewe alieleza miaka mingi baadaye kwamba walikuwa hawajalipwa, na walitishiwa kwamba wakifungwa zaidi ya 3 na Brazil wasirudi nyumbani. Alikuwa mtu mwenye hofu na hasira. Amefariki 2015, hakuwahi kuona picha nyingine ikichukua nafasi ya ile.

Mimi ni Mtanzania, nashangilia Taifa Stars. Lakini hawa wakivuka nitafurahi kama wangu.

Mtoto wa Kamalondo

Shikamoo mzee. Umesema jambo ambalo sisi watu wa Lubumbashi tunalibeba moyoni. Mwepu alikuwa wa kwetu, wa Englebert, ambayo ndiyo Mazembe. Kila miaka minne ikifika Kombe la Dunia kile kipande kinarudi kwenye runinga na watu wanacheka mbele yangu. Mimi sijawahi kucheka.

Na ndiyo sababu sitaki kufika tu. Juni nataka Mbemba asimame mbele ya Ureno na watu waone beki wa Kongo anavyokaba.

Fundi wa Mbezi

Mkuu swali la mwisho kabla sijalala. Ikienda penalti?

Mtoto wa Kamalondo

Siogopi. Chini ya Desabre tumepiga matuta mara tatu mashindano makubwa: Misri tulishinda, Afrika Kusini kwenye kuwania nafasi ya tatu tukapoteza 6-5, Nigeria tukashinda. Mbemba apige wa mwisho, Fayulu akae golini. Abadilishe tena dakika ya 119, wala asione haya kurudia.

Nikikumbuka, hata hapa Dar Oktoba 2024 nilikuwa Mkapa, nimevaa jezi yangu ndani ya shati. Tanzania walitushika 0-0 karibu mechi nzima, Elia akaja kufunga mawili mwishoni kabisa. Zile dakika za mwisho zinaweza kuwa zetu pia.

Nyota ya Kivu

Yaya, ombi. Tofauti ya saa ni kubwa, huku itakuwa usiku, na umeme hatuna uhakika nao. Runinga ikizima nitabaki na simu tu, na mtandao wa picha haushiki. Maandishi yanashika. Unaweza kuandika hapa kila kinachotokea?

Mtoto wa Kamalondo

Nitaandika. Kila bao, kila kadi, kila mchezaji anayeingia na anayetoka, na dakika yake. Nimeshamwambia mwenye kibanda aniwekee kiti cha karibu na soketi. Mzee wa Ujiji, na wewe kama macho hayaruhusu kukaa usiku, waambie wajukuu wakusomee.

Kikosi kikitajwa nakiweka hapa kwanza.